Kutua Kitui: Mwongozo kwa Abiria, Mheshimiwa, Mchungaji na Rubani

Ukipewa kiti cha mbele, kando ya rubani, shukuru, funga mkanda, kisha ufunge na mdomo. Hilo ndilo somo la kwanza na kubwa la mwongozo huu, na aliyelishika anaweza kuishia hapa akarudi kwenye shughuli zake. Wengine tubaki kidogo. Nawaandikia watu wetu wa Kitui na Makueni, ambao hatuwezi kupita kando ya shamba la jirani bila kusimama kuulizana habari za mbaazi, za mbuzi, za mvua na za wagonjwa, mpaka jua linazama. Desturi hiyo ni njema sana barabarani. Ndani ya ndege inayoshuka, inaua.

Nianze na yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi katika ndege ndogo ya watu sita kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Kitui, nikawekwa mbele. Katika ndege kama hiyo hakuna mlango wala pazia kati ya abiria na rubani. Kiwiko chake kinagusana na chako. Mbele yako upo usukani wa pili, unaosogea wenyewe kila anaposogeza wake, na umekwisha kuonywa usiuguse. Tulivuka mto Athi, tukavuka mgongo wa Yatta, ule uwanda wa lava unaokaribia urefu wa kilomita 300, na muda wote huo nilikuwa nikisema. Rubani alikuwa akiitikia kwa kichwa. Alipoanza kushuka na kupinda kushoto kuielekea barabara ya kutulia, nikaona upande wangu bati jekundu la nyumba ya nyanya yangu na ule mwembe mkubwa uani. Nikampiga begani. "Kapteni, kwetu ni pale! Pale kwenye mwembe!" Akageuza shingo kutazama, maana alikuwa mtu wa adabu.

Hazikuzidi sekunde tatu. Pua ya ndege ikainuka kidogo, kasi ikapungua, na kikalia kitu mle ndani, mlio mwembamba wa kuudhi kama wa mtoto anayepuliza jani. Rubani akarudisha macho mbele, akaishusha pua, akanyoosha mabawa na kuitia injini nguvu zake zote. Tukapita juu ya uwanja bila kutua, tukazunguka upya, tukatua mara ya pili kimya kama watu watokao mazikoni. Ndege iliposimama alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena akaifuta. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mlio ule ni onyo la bawa: kwamba limebakiza hewa kidogo ya kulibeba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za ajali za ndege ndogo kama mtu anayesoma barua iliyokusudiwa kumfikia yeye. Nilichojifunza ni hiki. Bawa hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake kwa kasi. Kasi ikipungua mno, au pua ikiinuliwa mno, hewa huachana na bawa na ndege huporomoka. Likitokea hilo juu sana, rubani huishusha pua, akapata kasi tena, na abiria wakabaki na hadithi ya kusimulia. Likitokea kwenye ile kona ya mwisho kabla ya kutua, futi mia chache juu ya mihogo ya watu, hana pa kuishushia pua. Ndiyo maana kona ile inaogopwa na marubani kuliko mawingu.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Ndege ndogo ya aina ya Cessna 172 hukaribia uwanja kwa kasi ya kama kilomita 120 kwa saa. Hizo ni mita 33 kila sekunde. Sekunde tatu za kuutazama mwembe wetu ni mita 100, urefu wa uwanja wa mpira toka goli hadi goli, chombo kikienda bila mwenyewe. Na katika ndege nyingi za namna hiyo rubani ni mmoja tu. Hakuna wa pili wa kumwambia, "Kapteni, kasi."

Kwa hiyo abiria, fuata maelekezo haya. Una swali kuhusu saa ile nyekundu yenye mshale? Liulize Wilson kabla injini haijawashwa. Umeona kwenu? Furahi moyoni. Unataka kutapika? Mfuko uko kwenye mfuko wa kiti. Utumie bila kutangaza. Umeona ndege nyingine, au mnyama barabarani, au moshi? Hapo sema, tena sema upesi na uonyeshe kwa kidole, kwa sababu hilo ni la kazi. Mengine yote yangoje magurudumu yasimame. Nimesema yasimame, maana wapo wanaodhani magurudumu yakigusa ardhi mambo yamekwisha, wakaanza kupiga makofi na kumpa rubani mkono wakati ndege bado inakimbia kwenye changarawe na upepo wa pembeni unaitafuta kuigeuza.

Msidhani nawaonea watu wa vijijini. Wasomi wa anga wenyewe wameangushwa na porojo. Tarehe 11 Septemba 1974, ndege ya abiria ya Eastern Air Lines ilikuwa ikishuka kuelekea Charlotte, Marekani, katika ukungu wa asubuhi. Wachunguzi waliposikiliza kanda ya sauti walikuta marubani wakipiga soga, kuanzia siasa hadi magari yaliyotumika. Soga hiyo iliwatoa kwenye kazi ya kufuatilia kimo chao. Ndege iligonga ardhi kabla ya uwanja na watu zaidi ya 70 wakafa. Shirika hilohilo, chini ya miaka miwili kabla, usiku wa tarehe 29 Desemba 1972, lilikuwa limepoteza ndege nyingine karibu na Miami: taa ndogo ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka haikuwaka, wakaishughulikia wote, na hakuna aliyegundua kwamba ndege ilikuwa inazama polepole kuelekea kwenye kinamasi. Watu 101 walikufa kwa ajili ya balbu.

Mwaka 1981 Marekani ikaweka sheria kwa mashirika ya ndege: chini ya futi 10,000, katika kupaa na kushuka, marubani wasifanye wala kusema lolote lisilohusu usalama wa safari. Mimi naiita sheria ya ukimya. Haikuandikwa kwa ajili ya Cessna inayopeleka watu wanne harusini Mwingi, lakini sioni Cessna inayoihitaji kidogo kuliko ndege kubwa. Kubwa ina watu wawili mbele. Ndogo ina mmoja, na mimi kando yake nikimpiga bega.

Na sisi Wakenya tuna msiba wetu. Tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Douala, Cameroon, ikaanguka muda mfupi baadaye na watu wote 114 wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilieleza jinsi ndege ilivyoinamia kulia taratibu, mtambo wa kuiendesha yenyewe ukiwa haujashika, nje giza tupu, na vipimo mbele yao havisomwi. Kule ilikuwa kupaa, hapa nazungumzia kutua, lakini kilichokosekana ni kilekile: jicho kwenye kipimo kwa wakati wake.

Turudi nyumbani, kwa mheshimiwa.

Mheshimiwa hupanda ndege au chopa akiwa amechelewa. Ana mikutano minne: wa kwanza Tseikuru, wa mwisho Wote, na katikati mazishi. Simu zake ni tatu. Njiani anabadilisha mawazo. "Kapteni, tupitie kwanza pale shuleni, watu wanatungoja." Shule yenyewe haina uwanja, ina kipande cha ardhi chenye milingoti ya goli, nyaya za umeme upande mmoja, na umati unaokimbilia katikati kila chopa inaposhuka. Rubani alikuwa amepanga safari yake, amehesabu mafuta, ameuliza hali ya upepo. Sasa anatakiwa apange upya akiwa hewani, huku mtu mzito akimwonyesha kwa kidole na msaidizi nyuma akipiga kelele kwamba wapinzani wameshatangulia.

Mheshimiwa, ukitaka kulihutubia jimbo lako ukiwa hai, fanya hivi. Panga vituo vyako jioni ya kuamkia safari, umpe rubani orodha, na baada ya hapo orodha ni yake. Akisema hapa hapatuliki, usimkumbushe nani anayelipa. Simu zako tatu mpe msaidizi. Na ukiwa umezoea kuitikiwa "ndiyo mheshimiwa", ujue kwamba ndani ya ndege mheshimiwa ni yule aliyeshika usukani. Sheria za anga duniani kote zinampa rubani kiongozi neno la mwisho juu ya chombo chake, na haziulizi nani aliketi nyuma yake.

Suala la simu nalipa nafasi yake, kwa sababu linakua. Inasimuliwa Ukambani kwamba Syokimau, nabii wetu wa kale, aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka majini, nao wazee wakaja kusema ni reli. Na kwamba aliona pia watu wanaobeba moto mfukoni, wakasema ni viberiti. Mimi nikiitazama simu inavyowaka usoni mwa rubani kijana, nahisi moto wa mfukoni haukuwa kiberiti. Tarehe 31 Mei 2014, Cessna 150 ilianguka usiku karibu na Denver, Marekani, ikawaua wawili waliokuwamo. Kamera iliyopatikana kwenye mabaki ilikuwa na video za safari zilizotangulia, rubani na abiria wake wakijipiga picha kwa simu, mmuliko ukiwaka ndani ya chumba cheusi. Wachunguzi walihitimisha kwamba huenda ni simu hiyo iliyompotezea rubani umakini, akapoteza mwelekeo na kisha ndege. Picha nzuri ya ndege hupigwa ikiwa imesimama. Simama mbele ya pua yake, shika bawa, tabasamu, kila mtu kijijini ataona kwamba ulipanda.

Kwa wanaoruka upande wa kusini, Makindu, Kibwezi, hadi Ithumba ile ya Tsavo Mashariki iliyoko Kitui, kishawishi ni kingine. Ni ndovu. Tangu miaka ya 1930, rubani Beryl Markham alipokuwa akiruka juu ya nyika ya huku kuwatafutia wawindaji kina Bror Blixen ndovu, ndege ndogo na ndovu wamekuwa pamoja. Siku hizi, tunashukuru, wengi wanawatafuta ili kuwalinda. Lakini mnyama ni yuleyule na jicho ni lilelile. Rubani anazunguka chini chini, bawa limelala, macho ardhini, akihesabu ndama, na kila mzunguko anaukaza kidogo ili asiwapoteze. Huko Alaska ajali za namna hii zimezoeleka hata zikapewa jina la moose, mnyama mkubwa wa pembe wa kule ambaye kila mtu anataka kumwona karibu. Anayehesabu asiwe anayerusha. Kama mko wawili, gaweni kazi kabla ya kuondoka. Kama uko peke yako, piga mstari ulionyooka, pita, panda, rudi. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi alikuwa na miguu minne ardhini.

Sasa nyinyi wa chini, msidhani mmesalimika. Viwanja vyetu vingi vidogo havina ua wala mlinzi wa kutwa. Majani huota vizuri pale pembeni baada ya mvua, na mbuzi wanalijua hilo kuliko Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Rubani mwenye uzoefu hupita kwanza chini chini juu ya uwanja kuwafukuza na kuikagua ardhi, kisha huzunguka na kutua. Mchungaji, mngurumo ule wa kwanza ndio kengele yako. Usisimame ukapunga mkono. Swaga mbuzi wote upande mmoja, upande uleule, kisha kaa nao huko. Mbuzi waliogawanyika huku na huku wataitana, na watakutana katikati ya barabara ndege ikiwa imeshashuka. Rubani anayemfuata mbuzi kwa macho ameacha kila kitu kingine: kasi, upepo, mwisho wa uwanja.

Na umati wa mapokezi ukae nyuma ya mstari, ngoma zikiwa tayari lakini kimya, watoto wameshikwa mikono. Tuna mwethya, kazi yetu ya pamoja, wa kuchimba mabwawa na mwethya wa kutengeneza matuta. Mwethya wa asubuhi moja, wa kufyeka vichaka na kuziba mashimo ya uwanja wa ndege na kuweka watu sita wa kuangalia mifugo, hauzidi nguvu zetu. Uwanja huo si wa mheshimiwa peke yake. Tangu madaktari wa kuruka waanzishwe Nairobi mwaka 1957, wale tunaowajua kwa jina la AMREF, viwanja vidogo vya vumbi kama hivi vimekuwa mlango wa hospitali kwa mama aliyeshindwa kujifungua na kwa mtoto aliyeumwa na nyoka.

Nawe rubani, mwanangu. Nimekuweka mwisho kwa heshima, si kwa kukusahau. Najua wengi wenu ni vijana, mnahesabu saa za kuruka, mnaogopa kumnyamazisha mteja. Mnyamazishe kabla hamjaondoka. Useme kwa sauti ya kawaida: "Nikiinua kiganja hivi, tunanyamaza wote mpaka nikishushe." Hakuna mtu mzima atakayekasirika, na atakayekasirika ashuke. Ukiwa unafuata orodha yako ya kutua na mtu akakukata katikati, usiendelee pale ulipodhani umefika. Anza upya toka juu. Kuna ndege zenye magurudumu ya kukunjwa, kama Cessna 210, ambazo zimetua kwa tumbo mikononi mwa marubani hodari, kwa sababu swali dogo liliingia kati ya "mafuta" na "magurudumu". Na kama kona ya mwisho imeharibika, usiing'ang'anie. Tia nguvu, panda, zunguka. Yule wangu alifanya hivyo mbele ya abiria watano waliokuwa na haraka, na hakuna hata mmoja wetu aliyedai nauli ya dakika zile.

Kuna neno linalosemwa kwetu kila penye mabaki na moshi: ajali haina kinga. Linatuliza waliofiwa, nami silipingi msibani. Baada ya matanga nalipinga. Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege haiendi eneo la ajali kuomboleza wala kutafuta wa kufungwa. Inakwenda kutafuta sababu ili isijirudie, kama mkataba wa Chicago wa 1944 na viambatisho vyake unavyotaka. Sababu zingine ni ngumu na za gharama: injini, hali ya hewa, vyuma vilivyochoka. Hii ya kumchanganya rubani haina gharama yoyote. Kinga yake tumeketi nayo, iko chini ya pua zetu.

Ukiruka kutoka Wilson kwenda Kitui, alama yako ni mto Athi. Ukiuona chini yako, maliza ulilokuwa ukisema, zima simu, weka mikono mapajani. Kutoka hapo hadi Ithookwe, uwanja wetu wa Kitui, ni kama dakika kumi. Bati la nyanya yangu bado ni jekundu, na mwembe bado upo. Nitakuonyesha tukishashuka.